Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024: Historia ya Kituo Chetu cha Televisheni

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati kutanguliza kazi moja mbele ya nyingine zote, nayo ni kukusanya historia ya kituo chetu kidogo cha televisheni, tangu mnara uliposimamishwa hapa Lindi hadi siku mitambo ilipozimwa, wakati baadhi ya waliokiendesha wangali hai na kanda zingali zinachezeka. Taarifa hii inaeleza tulipofika. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, nami sitazigusa ila pale zinapoeleza kwa nini kazi imechelewa.

Nikiri mapema kwamba kazi hii imenibadilisha mawazo. Kwa miaka mingi nilisema, kama wengi wenu mnavyosema, kwamba kituo chetu kiliuawa na ving'amuzi. Baada ya kupitia majalada na kuwasikiliza wazee wetu, ninaona kwamba king'amuzi kinasingiziwa, na kwamba kilichotushinda ni utaratibu uliokuja pamoja nacho, ambao haukuwa umemfikiria mtu mwenye mnara mmoja na deki mbili.

Kwa faida ya wanachama vijana, inafaa ikumbukwe kwamba Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1974, tena ya rangi, wakati huku bara hapakuwa na kituo hata kimoja. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyowafungulia mlango watu binafsi, na mwaka uliofuata ITV ikaanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Mawimbi yale hayakutufikia huku kusini. Wenye uwezo walisimamisha madishi makubwa uani, na sisi wengine tulilipa kiingilio kwenye kibanda umiza na kukaa kwenye mabenchi. Kituo chetu kilizaliwa katika pengo hilo, kikiwa na kamera moja ya kubeba begani, deki mbili za VHS na mtambo wa kurushia wenye nguvu ya wati 100, ambazo ni sawa na balbu moja ya zile za zamani zilizokuwa zikiunguza vidole.

Wengi huuliza wati 100 zilitufikisha wapi. Fundi mitambo wetu wa kwanza, ambaye kamati ilimhoji kwa siku mbili, alilijibu swali hilo kwa kutoka nje na kuelekeza kidole kilimani. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kama mwanga, yaani kwa kunyooka, na mnara wa mita 30 uliosimama mahali tambarare huona upeo wa kilomita 20 hivi. Ukiongeza wati, picha husafika kwa wanaouona mnara, lakini kilima hakiondoki. Ndiyo maana wenzetu wa Kitunda, ambao ili waje mjini ni lazima wavuke maji, walituona vizuri kabisa kwa kuwa kati yao na mnara palikuwa na bahari tupu, ilhali nyumba zilizojificha nyuma ya kilima, ambazo mtu huzifikia kwa miguu, zilipata chenga. Malalamiko ya chenga ndiyo yanayojaza majalada ya miaka ya mwanzo. Hapakuwa na dawa isipokuwa kuipandisha antena juu ya mwanzi mrefu, mtoto mmoja akiuzungusha huko nje na mwenzake akipiga kelele ndani, "Hapo hapo, usiguse!"

Taarifa ya habari ya Dar es Salaam ilitufikia kwa basi. Mtu wetu kule alirekodi habari za usiku, akaukabidhi mkanda kwa kondakta asubuhi, nao ukasafiri hadi Ndundu kusubiri pantoni ya kuvuka Rufiji pamoja na abiria, kuku na magunia. Masika yakikolea, barabara ilifungwa na habari zikawa za wiki iliyopita, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hata magazeti yalikuwa yamekwama palepale. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa mita 970, mkanda uliotolewa Dar es Salaam asubuhi uliweza kuonyeshwa Lindi usiku uleule. Kwa maoni yangu, hakuna badiliko la kiufundi lililokisaidia kituo kama daraja lile, ingawa si chombo cha utangazaji.

Hata hivyo, hayo hayakuwa yaliyotupatia watazamaji. Watu walitufungulia ili wajue nani amefariki na anazikwa saa ngapi, Maulidi inasomwa wapi, na timu ipi imefungwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, ulipoanza kutumika katika korosho msimu wa 2007, tuliweza kusoma bei za mnada hewani, jambo ambalo wanunuzi wa kangomba, wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya utaratibu, hawakulipenda hata kidogo. Mapato yetu nayo yalifuata shamba. Matangazo ya biashara yalifurika korosho zilipolipwa kuelekea mwisho wa mwaka, yakarudi kidogo wakati wa ufuta, na katikati tuliishi kwa kukopa dizeli ya jenereta.

Nifike sasa kwenye kuzimwa. Mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa mitambo ya analojia, yaani ya mfumo wa zamani kama wetu, kulindwa dhidi ya kuingiliwa na mawimbi ya wengine katika sehemu kubwa ya Afrika. Nchi yetu iliamua kutangulia, na Dar es Salaam ikazimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikifuata kwa awamu. Katika mfumo mpya mwenye kituo harushi tena mawimbi yake. Hutengeneza vipindi, kisha huvipeleka kwa mmoja wa warusha matangazo waliopewa leseni ya kazi hiyo, ambao walikuwa watatu kwa nchi nzima, na kuwalipa ili wavibebe. Kwa upande wa masafa ni busara, kwani mahali palipotosha kituo kimoja cha analojia panatosha zaidi ya vituo kumi vya dijitali. Lakini sisi tulikuwa tumechangishana kununua mnara, na ghafla mnara haukuwa na kazi, na badala yake tukatakiwa kulipa kila mwezi, iwe msimu wa korosho au msimu wa njaa.

Sitaki ieleweke kwamba jambo hili halikuwa na njia nyingine. Marekani, ambako vituo vya nguvu ndogo vilitambuliwa rasmi kama daraja lake mwaka 1982, vituo vikubwa vilizima analojia tarehe 12 Juni 2009, lakini vidogo viliachiwa muda hadi tarehe 13 Julai 2021. Ni miaka 12 ya kujipanga. Najua kwamba wao wana fedha na sisi hatuna, ila muda si fedha tu. Ni uamuzi wa kumtambua mdogo kuwa naye yumo.

Kuhusu kanda zenyewe, zilizobaki zimejaa katoni nne. Zilihifadhiwa chini ya ngazi, mahali ambapo jasho la bahari halikauki, na tulipofungua katoni ya kwanza tulikuta ukungu mweupe umetanda juu ya mkanda kama unga wa muhogo. Mkanda wa aina hiyo hauingizwi kwenye deki, kwani ukungu hukwama kwenye kichwa cha kusomea na kuharibu kanda zitakazofuata. Hukaushwa kwanza, kisha hufutwa polepole kwa kitambaa laini chenye spiriti, huku ukizungushwa kwa mkono kutoka gurudumu moja hadi jingine, na kanda ya saa tatu ina urefu wa zaidi ya mita 250. Baada ya hapo hakuna njia ya mkato: kanda ya saa tatu huhamishiwa kwenye kompyuta kwa saa tatu. Ninawashukuru vijana watatu waliokesha katika kazi hii bila kudai posho, hata nilipojaribu kuwapa.

Deki ndiyo iliyotuchelewesha. Kiwanda cha mwisho kilichojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai cha Japani, kiliacha mwaka 2016, hivyo tunategemea mitumba. Deki yetu ilipelekwa kwa fundi Dar es Salaam mwezi Aprili, akachukua malipo ya awali na kuirudisha ikiwa na ubovu uleule, na wakati wa kuifuata tena, mvua na kimbunga Hidaya cha mwezi Mei zikaikata barabara ya Lindi upande wa Kilwa. Tulisubiri kama walivyosubiri wa Ndundu. Ndiyo sababu katoni moja tu imekamilika.

Baadhi yenu mmependekeza kituo kifufuliwe kupitia intaneti. Kamati haipingi, lakini tangu mwaka 2018 televisheni ya mtandaoni nayo inahitaji leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na sitakubali tuombe leseni kabla katoni tatu zilizobaki hazijasomwa. Mkutano una haki ya kunipinga katika hili.

Kuna kanda moja ambayo juu yake imeandikwa kwa kalamu ya wino "Usifute – Kitunda", na haina tarehe. Inaonyesha mashua zikiwasili ufukweni na umati ukizisubiri, na mtangazaji ambaye sauti yake hakuna katika kamati aliyeitambua. Tutaionyesha mara baada ya kikao hiki. Ninawaomba wanachama wa ng'ambo ya maji, yaani wa Kitunda, wakae mbele, na yeyote atakayemtambua mtu amweleze Katibu, ambaye atakuwa na daftari karibu na mlango. Mwenye deki nyumbani, hata iliyokufa, aniletee, tunahitaji vipuri.

Mwenyekiti