Wanafunzi wa TEHAMA wapewe dawati la msaada walisimike wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na walimu wa vyuo vya TEHAMA. Mimi ni afisa TEHAMA katika hospitali moja mkoani Morogoro, huu mwaka wa 9. Kwa miaka 7 ya mwanzo, matatizo yote niliyapokea kwa kauntabuku moja na simu yangu ya mkononi. Kauntabuku niliijaza nikikumbuka. Simu ndiyo haikunyamaza.

Kilichonichosha ni printa ya dirisha la malipo. Nikiiwasha inafanya kazi, nikitoka tu inazima. Wagonjwa wako foleni, mhasibu ananipigia, bosi wake ananipigia, halafu nesi wa wodi ya wazazi naye ananipigia kusema mhasibu kamtuma anipigie. Nilipoomba printa mpya nikaulizwa imeharibika mara ngapi. “Mara nyingi” si jibu la kupeleka kitengo cha manunuzi.

Ndipo nikaamua kujifunza osTicket, programu ya bure ya dawati la msaada inayopatia kila tatizo namba yake ya tiketi. Nilitoa kompyuta kuukuu stoo, nikaiwekea mfumo endeshi wa Ubuntu, na Apache, PHP na MySQL zinazoiendesha osTicket. Hiyo ilikuwa kazi ya jioni mbili. Barua pepe za watu, zilizotakiwa kuingia na kugeuka tiketi, zilinila wiki nzima. Hazikuingia hata moja, nami nikabadilisha nywila mara sita nikidhani nakosea herufi. Kumbe video niliyokuwa naifuata ni ya zamani: tangu Mei 2022 Google hairuhusu tena programu za nje kuingia kwenye akaunti binafsi za Gmail kwa jina na nywila ya kawaida peke yake. Saa nayo nilisahau kuipanga iwe ya Afrika Mashariki. Tiketi ya saa nne asubuhi ikaonekana ya saa moja, wakati mwenye tatizo yuko bado kwenye daladala.

Ila kigumu kuliko vyote hakimo kwenye video yoyote. Mada za matatizo niliziandika kisomi: Vifaa, Mtandao, Programu. Karibu kila mtu akachagua Mengineyo! Nikazifuta, nikaandika wanavyosema wenyewe: “Printa haitoi karatasi”, “Nimesahau nywila”, “Mfumo unazunguka tu”. Tena manesi wengi hawana barua pepe ya kazi, na osTicket haimsajili mtu asiye nayo, kwa hiyo nikafungua anwani moja kwa kila wodi.

Baada ya miezi miwili nikazitoa tiketi za ile printa. Zilikuwa 14, na 11 kati yake ziliandikwa kati ya saa nne na saa nne na nusu asubuhi. Siku iliyofuata nikaenda saa nne kasoro nikasimama nyuma ya kaunta, kimya. Saa ya chai ilipofika, birika la umeme likachomekwa kwenye ekstensheni ile ile ya printa. Ile swichi nyekundu ya ekstensheni ikazidiwa, ikajikata. Printa mpya hatukununua. Birika ndilo lililohama.

Sasa kwenu walimu. Kila mwaka tunapokea vijana wa fildi. Wanabana kebo vizuri, tabaka saba za mtandao wanazo kichwani kama sala. Muulize mmoja tatizo la jana liliishia wapi, atakutazama. Wapeni kompyuta moja kuukuu wasimike dawati la msaada, kisha walihudumie chuo chenyewe muhula mzima, maabara mpaka ofisi ya mhasibu. Alama muwape kwa walichokiandika kabla ya kufunga tiketi, maana neno “imetengenezwa” halimsaidii atakayeshika zamu kesho. Gharama ni hiyo kompyuta tu, na najua ipo stoo kwenu.

Mwaka huu nimepata vijana wawili. Niliwapa mashine tupu, nikawaacha. Siku ya nne wakaja ofisini, macho mekundu: barua pepe haziingii, na nywila wameshabadilisha mara tatu. Niliwauliza kitu kimoja tu, video wanayoifuata ni ya mwaka gani.

Afisa TEHAMA,
Morogoro