Mashine Imewapa Mdomo, Sikio Liko Wapi?

Kwa walimu vijana wa skuli na vyuo vya Mombasa,

Wanangu,

Salamu zenu zimenifika. Na wale mnaonipitia barazani asubuhi kwa shikamoo ya mbio huku matatu ya Kisauni inawapigia honi, marahaba. Nilitaka kuwajibu mmoja mmoja, lakini swali lenu ni lile lile: wewe mzee uliyesomesha hisabati na fizikia miaka 36, wayaonaje haya ya vishikwambi, projekta na akili unde (AI)? Basi nimeandika barua moja, kila mtu achukue fungu lake.

Nianze na kilichonitia kalamu mkononi. Mwezi uliopita kijana niliyemsomesha, ambaye sasa naye ni mwalimu, aliniita nikaone kipindi chake. Skuli siitaji, maana nilichokiona kingeweza kuwa popote. Projekta imefungwa vizuri, mapazia yameteremshwa, joto limetuama chini ya mabati kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Somo lilikuwa kanuni ya tatu ya Newton: ukisukuma kitu, nacho hukusukuma kwa kani, yaani nguvu, iliyo sawa. Picha zilikuwa nzuri, sisemi uongo: roketi inapaa, mtu anaruka kutoka mtumbwini na mtumbwi unarudi nyuma. Dakika 40, slaidi baada ya slaidi. Nilikuwa nimekaa nyuma, ubavuni mwa msichana mmoja mwenye mwandiko wa kupendeza. Nikachungulia daftari lake. Alikuwa amenakili kila kitu, hata yale maneno madogo ya chini kabisa yanayomwambia mtu abofye ili aendelee. Kayaandika, kisha kayapigia mstari kwa rula.

Kengele ilipolia nikaliweka daftari lake juu ya dawati, nikamuuliza: "Daftari linalikandamiza dawati. Na dawati je, nalo linafanya nini?"

Akanitazama. Akalitazama daftari. Akasema, "Nimeandika, mwalimu."

Mwalimu wake hakuwa mvivu. Alikesha akiandaa zile picha. Wala sina haki ya kumcheka, kwa sababu mimi nami nilikuwa nikijaza ubao kwa chaki, nafuta, najaza tena, natoka darasani nimetapakaa unga kama mpishi wa mikate, nikijiona nimesomesha. Tofauti yetu ni kwamba mdomo wake una umeme. Na hapo ndipo ninapotaka kuwashika mkono: karibu kila chombo kipya kinapoingia darasani, sisi walimu hukichukua tukasemea. Nikitafuta cha kusikilizia, sikioni.

Mnakumbuka Machi 2020, skuli zilipofungwa kwa ajili ya korona, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Vipindi vikapelekwa redioni na kwenye runinga. (Neno runinga tunalo kwa hisani ya Sheikh Ahmed Nabhany, Mungu amrehemu, mtu aliyeamini kwamba kila mashine ikishuka pwani hii lazima ipewe jina la kwetu.) Mimi nililelewa na redio. Vipindi vya skuli vya Sauti ya Kenya nilivisikiliza na baadaye nikavitumia, kwa hiyo nilifurahi. Mjukuu wangu aliketi mbele ya redio na penseli yake. Mwalimu wa redioni akaeleza hesabu za sehemu, nusu na robo, akauliza, "Mmeelewa?" Akanyamaza kidogo. Mtoto akajibu kwa sauti, "La, sijaelewa." Redio ikasema, "Vizuri sana, tuendelee."

Tulicheka nyumba nzima. Mtoto hakucheka.

Sasa niwarudishe nyuma zaidi, kwa sababu wengi wenu mkisikia mbinu mpya mnadhani zimeteremka na mtaala wa umilisi, huu wa CBC. Nilipotiwa chuoni, chuo cha Kurani, hapa Mji wa Kale, mwalimu hakuwahi hata siku moja kutuhutubia sote. Tulikaa kwenye mkeka, kila mmoja na juzuu yake, kila mmoja mahali pake: huyu bado yuko kwenye alifu na kijiti chake, yule yuko juzuu ya kumi. Wakubwa waliwasomesha wadogo. Kisha mmoja mmoja tulisogea mbele ya mwalimu tukasoma, yeye anasikiliza. Ukikosea irabu moja anakurudisha, na huvuki aya mpaka imekaa. Bakora ilikuwapo pia, hiyo tusiitamani. Lakini mwalimu yule asiyejua kompyuta ni nini alijua kila siku, kwa kila mtoto, ni neno gani hasa limemkwama. Mimi na shahada yangu, mbele ya watoto hamsini, sikujua.

Na wenye vyombo vyote duniani wamegundua jambo hilo hilo. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, aliona mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba wanafunzi wake wanakokotoa mahesabu magumu bila taabu, lakini ukiwauliza swali jepesi, gari kubwa likigongana na dogo ni lipi linalosukumwa kwa kani kubwa zaidi, wanaanguka. Akaacha kuhutubia kipindi kizima. Anatoa swali lenye majibu ya kuchagua, kila mtu anafikiri peke yake na kuchagua, halafu anamgeukia jirani yake na kujaribu kumshawishi, kisha wanachagua tena. Baadaye walipata vidude vya kubonyeza, lakini mbinu yenyewe haihitaji hata betri: vidole vinatosha. Kidole kimoja ni jibu la kwanza, viwili la pili, mkono kifuani ili jirani asiibe. Jaribuni kesho. Mtapata hofu kidogo mkiona nusu ya darasa imenyoosha jibu la makosa katika jambo mlilolieleza jana kwa ufasaha. Hofu hiyo ina faida kuliko slaidi 30.

Nani alisema mzee hapendi mashine? Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah hapa hapa Mombasa kuwahimiza watu wasiikimbie elimu ya zama zao, na hakuwa kijana wa mtaani, baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sisi si watu wa kuogopa kipya. Niwape basi mfano wa kipya kilichonipendeza.

Mwalimu mmoja wa kike wa jiografia aliwapa wanafunzi wake kazi ya wiki mbili. Kuna ngazi za mawe za kushukia majini Mji wa Kale. Kazi ilikuwa kuhesabu: saa fulani, ngazi ngapi zimefunikwa? Wanaokaa mbali na ngazi walisimika mti pwani kwao wakauchora alama. Kila jioni waliingiza hesabu zao katika jedwali moja kwenye kompyuta ya skuli, na pembeni kila mtoto aliandika utabiri wake: kesho maji yatajaa saa ngapi? Karibu wote siku ya kwanza waliandika saa ile ile ya leo. Kesho yake wakakuta yamechelewa. Keshokutwa yamechelewa tena. Lile jedwali likawaanika wote, safu moja ya utabiri, safu moja ya ukweli, tofauti inakaribia dakika 50 kila siku. Hapo mtoto wa mvuvi, ambaye mwaka mzima hakuwahi kunyoosha mkono, akasimama akawaeleza wenzake bamvua, yale maji makubwa, na maji mafu, yale madogo, kwamba mwezi ukiandama na ukipevuka maji hujaa sana na kupwa sana, na babake hahitaji saa. Ndipo mwalimu akaleta mwezi na jua na mvutano wao. Baada ya swali kuiva.

Kompyuta ilikuwa moja tu. Lakini ilikuwa inasikiliza: kila mtoto alikuwa amesema jambo lake ndani yake, na kosa lake lilikuwa linaonekana bila mtu kumwaibisha.

Najua mtaniambia, mwalimu, wewe waongea tu, sisi vifaa hatuna. Nawaamini. Ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa 2013, vishikwambi vikaanza kufika skulini 2016, na mimi mwenyewe nimeziona skuli ambamo vilifungiwa ndani ya kabati la chuma kwa kuogopa wezi, hata wezi wangevitumia vizuri zaidi. Juni 2009 waya wa intaneti wa TEAMS ulizinduliwa papa hapa Mombasa, umepita chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, na SEACOM nao ukawashwa mwaka huo huo. Sehemu kubwa ya intaneti ya nchi inatokea ufukweni kwetu, na mwalimu wa Mtongwe ananunua bando kwa pesa za mfukoni. Hilo ni la kuwadai wenye mamlaka, na mkiandamana kwa adabu mimi nitakuja na kiti changu. Lakini msilifanye kuwa sababu ya kungoja. Simu yako moja, iliyopasuka kioo, ina kinasa sauti.

Kinasa sauti hicho ndicho ningekitumia mimi lau ningekuwa darasani leo. Mtoto mmoja kwa siku, dakika moja, anaeleza kwa maneno yake, kwa Kiswahili, Kigiriama, lugha yoyote inayomtoka, kwa nini dawati linasukuma daftari. Usiku nikinywa chai ningesikiliza wanne watano. Ila mwombeni mzazi ruhusa kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto, na sauti yake ni habari zake. Msiirushe kwenye kundi la WhatsApp la walimu ili mcheke. Mtoto akijua amechekwa mara moja, atarudi kwenye kunakili, na hapo hutamtoa tena.

Nyinyi wa vyuo vya ufundi, kazi yenu ni nyepesi kidogo, kwa kuwa mkono haudanganyi. Pale Tudor, kabla hapajawa chuo kikuu mwaka 2013, palipokuwa Mombasa Poly, ufundi ulipimwa kwa kumtazama mtu akifanya. Sasa mna simu: mwacheni mwanafunzi ajirekodi akifunga soketi, kisha ajitazame mwenyewe kabla hamjasema neno. Mkufunzi mmoja alinionyesha video ya kijana aliyefaulu mtihani wa kuandika kwa alama za juu. Anamenya waya kwa meno.

Akili unde nimeiacha kwa mwisho kwa sababu ndiyo inayowanyima usingizi wakufunzi. Insha zinakuja zimenyooka, hazina kosa la herufi, na hazina mtu ndani. Baadhi yenu mmenunua programu za kuwakamata. Mimi siwashauri mchezo huo wa polisi na mwizi; mtawashtaki wasio na hatia, na werevu watapita. Mwite, mketishe, dakika tano: "Hapa umeandika hivi. Nifafanulie." Aliyeielewa kazi atasema hata kama alisaidiwa. Asiyeielewa, nanyi mtakuwa mmempata bila mashine. Ni ule mkeka wa chuoni, mwanafunzi mbele ya mwalimu, basi.

Na waacheni wao nao waikosoe hiyo akili unde. Mpwa wangu anayesomesha Kiswahili aliiambia imtungie tarbia. Ikaleta beti nne, vina vimepangika, maneno matamu. Akawapa wanafunzi wahesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo. Nane kwa nane zinazotakiwa hawakuziona. Mshororo huu una kumi na nne, huu kumi na saba. Darasa lilichangamka kwa saa nzima wakiurekebisha ule ushairi, wakibishana kama "mwanangu" ni mizani ngapi. Sijui kipindi gani cha mashairi niliwahi kukisikia na kelele kama zile.

Neno dogo kwa walimu wa msingi: kazi za nyumbani za umilisi zinafanywa na kina mama saa nne usiku, na saiba za Majengo, vile vibanda vya kompyuta, zinatajirika kwa picha za kuchapisha. Mnalijua hilo. Mtoto akileta kitu kizuri kupita umri wake, muulize alikitengenezaje, na msimpe alama kabla hajajibu.

Yule kijana wa projekta nilimwambia haya yote, kwa ukali kuliko nilivyoandika hapa. Alinuna siku mbili. Juzi alinipigia akasema ameonyesha slaidi tatu tu, kisha akauliza swali la vidole, na watoto 31 kati ya 48 wamekosea. Alikuwa ameingiwa na hofu. Nikamwambia aje, na aje na majibu yenyewe tuyatazame.

Nanyi pia. Niko Kibokoni, barazani, kila siku baada ya Alasiri. Msiniletee slaidi. Nileteeni swali moja mlilouliza na majibu ya makosa ya watoto wenu, yaliyoandikwa kama walivyoyasema. Kahawa juu yangu, kashata mnunue wenyewe.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Kibokoni, Mombasa