Barua ya wazi kwa Javier Tebas: mshahara wa mchezaji usilipie makosa ya viongozi

Kwa Bwana Javier Tebas,
Rais wa La Liga,
Madrid, Hispania.

YAH: WACHEZAJI WANAOPUNGUZA MISHAHARA ILI WENZAO WASAJILIWE

Mheshimiwa Rais,

Tarehe 15 Agosti 2021 Barcelona ilifungua msimu kwa kucheza na Real Sociedad pale Camp Nou. Bao la kwanza alilifunga Gerard Piqué kwa kichwa, kwa mpira wa adhabu uliochongwa na Memphis Depay. Siku chache kabla ya hapo, Depay hakuwa na ruhusa ya kucheza. Eric García naye, aliyesimama na Piqué kwenye ulinzi jioni ile, hakuwa nayo. Klabu ilikuwa imevuka ukomo wa mishahara uliowekwa na ofisi yako, yaani kiwango cha juu inachoruhusiwa kutumia, kwa hiyo haikuweza kuwasajili, na milango ya usajili ilifunguka baada ya Piqué kukubali mshahara wake upunguzwe kwa kiasi kikubwa. Barcelona ilishinda 4-2.

Sisi mashabiki wa huku Tanga tulilisherehekea bao lile kwa namna ya pekee. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Piqué alikuwa tajiri, hilo halina ubishi, lakini matajiri wengi hawatoi, na hakuna mtu anayelazimika kurudisha fedha alizoahidiwa kwa mkataba halali. Baada yake Sergio Busquets na Jordi Alba nao walipunguziwa, na Sergio Agüero akaweza kusajiliwa. Agüero aliambulia mechi chache tu na bao moja, dhidi ya Real Madrid, kabla ya tatizo la moyo kumlazimisha kustaafu Desemba mwaka huo huo. Fedha zile hazikuleta kombe. Hata hivyo sijamsikia Busquets wala Alba akizidai, na kwangu huo ndio uungwana wa mchezaji.

Nataka uelewe mapema kwamba siandiki kuupinga ukomo wa mishahara. Nakumbuka Hispania ilivyokuwa kabla yake. Agosti 2011 ligi ilishindwa kuanza kwa wakati kwa sababu chama cha wachezaji, AFE, kiligoma. Wachezaji zaidi ya 200 walikuwa wanadai mishahara yao. Januari 2014 wachezaji wa Racing Santander waliingia uwanjani kucheza na Real Sociedad katika Kombe la Mfalme, filimbi ikalia, wakakusanyika katikati ya uwanja wakashikana mabega na kukataa kucheza, kwa kuwa walikuwa hawajalipwa kwa miezi mingi. Ulichaguliwa 2013 ukakuta hali hiyo, na kazi uliyoifanya kuisafisha naiheshimu.

Ninalokulalamikia ni jinsi kanuni yako inavyotumiwa na viongozi wa klabu. Wao ndio walionunua. Baada ya Neymar kuuzwa kwa euro milioni 222 mwaka 2017, Barcelona ilimwaga fedha kwa Ousmane Dembélé, ikamwaga tena kwa Philippe Coutinho Januari 2018, kisha ikatoa milioni 120 kwa Antoine Griezmann mwaka 2019. Coutinho huyo huyo, akiwa kwa mkopo Bayern Munich, aliifunga Barcelona mabao mawili katika kipigo kile cha 8-2 cha Agosti 2020. Kufikia Agosti 2021 Joan Laporta, rais wa klabu wakati huo, alitangaza kwamba klabu ina madeni ya euro bilioni 1.35. Hakuna mchezaji aliyekaa kwenye kikao kilichoidhinisha ununuzi huo. Mchuma janga hula na wa kwao, na hapa waliokula ni wale wa chumba cha kubadilishia nguo.

Tena walikula kwa kusukumwa. Machi 2020, janga la korona lilipositisha michezo, wachezaji wa Barcelona walikubali kukatwa asilimia 70 ya mishahara yao na wakachangia zaidi ili wafanyakazi wa kawaida wa klabu walipwe kikamilifu. Lionel Messi alipotangaza uamuzi huo alieleza kushangazwa kwake kwamba kuna watu ndani ya klabu yenyewe waliojaribu kuwashinikiza wafanye jambo ambalo wao walikwisha kudhamiria kulifanya. Hebu fikiri, Bwana Tebas. Mtu anakuja na zawadi mkononi, na mwenye nyumba tayari yuko mlangoni akimtangaza kwa majirani kuwa ni bahili!

Kisa kinachoniuma kuliko vyote ni cha Frenkie de Jong, kiungo wa Barcelona. Oktoba 2020 alikuwa miongoni mwa wachezaji wanne waliosaini mikataba mipya iliyosogeza mbele sehemu ya malipo yao ili klabu ipumue. Aliikopesha klabu yake kazi ya miguu yake. Miaka miwili haikuisha, na wakati wa kumlipa ulipokaribia, klabu ikawa tayari kumuuza Manchester United, huku mshahara wake ukijadiliwa hadharani kana kwamba ameuiba. Mashabiki walimpigia kelele akiwa ndani ya gari lake akiingia mazoezini, wakimtaka apunguze mshahara. Wengi wao, naamini, hawakujua kwamba sehemu ya fedha zile ilikuwa deni la kazi aliyokwisha kuifanya.

Agosti 2025 ikawa zamu ya Marc-André ter Stegen, kipa na nahodha aliyekuwa ameumia mgongo. Safari hii hakuombwa fedha. Aliombwa saini ya kuruhusu taarifa zake za matibabu zifike kwenye ofisi yako, maana mchezaji akiumia kwa muda mrefu klabu inaruhusiwa kutumia sehemu kubwa ya nafasi ya mshahara wake kumsajili mwingine. Kipa mpya Joan García alikuwa anasubiri. Ter Stegen aliposita, alifunguliwa mashtaka ya kinidhamu na kuvuliwa unahodha, alipokubali, akarudishiwa. Mabishano yao yalikuwa na mambo mengi na siwezi kusema nani alikuwa na haki katika kila moja. Ila nahodha anaponyang'anywa kitambaa kwa sababu ya karatasi inayohusu mgongo wake mwenyewe, neno hiari limeshaondoka.

Unaweza kujiuliza haya yananihusu nini mimi wa Tanga. Yananihusu sana. Yanga ilipoyumba kifedha baada ya mwenyekiti na mfadhili wake Yusuf Manji kuachia ngazi mwaka 2017, wachezaji walicheza bila uhakika wa mshahara, kocha Mwinyi Zahera akawa anahimiza mashabiki wachange, na timu ile ikamaliza msimu wa 2018/19 ikiwa ya pili nyuma ya Simba. Tuliwasifu kwa mapenzi yao kwa klabu, na walistahili sifa. Lakini tangu hapo nimesikia mara nyingi, kwenye klabu kubwa na ndogo, mchezaji anayedai haki yake akiambiwa hana mapenzi na timu. Viongozi wetu hutazama Ulaya. Wakiona Barcelona inaweza kumgeuzia mashabiki mchezaji wake anayeidai, watajifunza hilo haraka kuliko watakavyojifunza ukomo wa mishahara.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Mchezaji akipunguza au kuahirisha mshahara ili mwenzake asajiliwe, asaini mbele ya mwakilishi wa AFE, apewe siku za kutosha za kubadili mawazo, na klabu izuiwe kulizungumza jambo hilo kwa vyombo vya habari hadi liishe. Malipo yaliyoahirishwa yahesabiwe kuwa deni la kwanza: klabu isisajili mchezaji mpya huku ikimshinikiza wa zamani aondoke kabla hajalipwa anachodai. Na siku klabu inapowasilisha kwako karatasi za mchezaji aliyekatwa, iwasilishe pia maelezo ya kiasi ambacho watendaji wake wa juu wamejikata wao wenyewe, na ofisi yako iyachapishe. Hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine. Ofisi yako huchapisha ukomo wa kila klabu kila msimu hadi sisi wa huku tunausoma. Haiwezi kushindwa kuongeza ukurasa mmoja.

Ukiyatekeleza hayo, atakayefanya kama alivyofanya Piqué atakuwa ameamua mwenyewe, na sisi tutajua tumshukuru nani.

Wako katika soka,
Mshabiki wa Barcelona,
Tanga, Tanzania.