YAH: Malalamiko kuhusu nyumba ya mapumziko ya Kyrenia na madai ya kurejeshewa malipo ya awali

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya uwakala wa nyumba,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi na mke wangu tunaandika kulalamikia namna kampuni yenu ilivyotuuzia nyumba ya mapumziko katika mji wa Kyrenia, kisiwani Saiprasi, bila kutueleza kwamba kiwanja kilichojengwa nyumba hiyo kilikuwa mali ya familia iliyokimbia vita vya mwaka 1974, vilivyokigawa kisiwa hicho pande mbili, kaskazini na kusini. Mkataba wa mwisho bado hatujausaini, lakini malipo ya awali tuliyaweka kwenye akaunti yenu na risiti tunayo. Tunadai yarejeshwe yote.

Kipeperushi mlichotupa kina picha ya bandari ya zamani ya Kyrenia na ngome yake, na chini ya picha pameandikwa kwa herufi nzito kwamba Saiprasi ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Ukurasa wa pili una ramani ya kisiwa kizima, imepakwa rangi moja kutoka mashariki hadi magharibi. Ni kweli kwamba Jamhuri ya Saiprasi ilijiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004. Mlichokinyamazia ni kwamba utekelezaji wa sheria za Umoja huo umesimamishwa katika eneo la kaskazini ambalo serikali ya Jamhuri hailidhibiti, na Kyrenia iko huko. Kati ya pande hizo mbili kuna ukanda unaolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, wenye urefu wa kilomita 180 hivi, unaopita katikati ya mji mkuu Nicosia. Mchoraji wa ramani hawezi kuusahau ukanda wa namna hiyo kwa bahati mbaya, na sisi tunaamini uliachwa kwa makusudi ili mnunuzi asiulize.

Jambo hili lilitugusa moja kwa moja kwa sababu nyumba tuliitafuta ili tuwe karibu na binti yetu anayeishi Ujerumani, na ofisa wenu wa mauzo alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Alituambia kwamba ununuzi ungetupa haki ya ukaazi ndani ya Umoja wa Ulaya. Si kweli. Ukaazi wa kudumu unaotolewa na Jamhuri kwa wanunuzi wa nyumba unahitaji uwekezaji wa kuanzia euro 300,000 bila kuhesabu kodi ya ongezeko la thamani, na nyumba yenyewe iwe katika eneo linalotawaliwa na Jamhuri. Nyumba ya Kyrenia haikupi hata hatua moja kuelekea huko. Alituambia pia kwamba binti yetu angeruka moja kwa moja kutoka Ujerumani hadi uwanja wa ndege wa Ercan, wakati ndege za kwenda Ercan hupitia Uturuki, nchi pekee inayoitambua serikali iliyotangazwa kaskazini mwaka 1983, na Jamhuri ya Saiprasi haiukubali uwanja huo kuwa mlango halali wa kuingilia nchini.

Hayo ya safari tungeyavumilia. Lililotufanya tusimamishe kila kitu ni hati. Tuliiomba nakala yake mara kwa mara, na ilipofika hatimaye ilikuwa ya Kituruki kitupu, bila tafsiri. Wakili wetu aliifanyia kazi akatueleza kwamba ni hati ya fidia, yaani ile ambayo utawala wa kaskazini uliwapa Wasaiprasi wa asili ya Kituruki walioacha mali zao kusini, na ardhi waliyopewa ilikuwa ya Wasaiprasi wa asili ya Kigiriki waliokimbilia kusini. Kaskazini kuna pia viwanja vyenye hati za tangu kabla ya 1974, na bei yake huwa juu kwa sababu hiyo hiyo. Kampuni inayofanya biashara ya nyumba za Saiprasi haiwezi kusema haikuijua tofauti hii. Bei mliyotutajia inaonyesha kwamba mliijua.

Mtanzania yeyote aliyewahi kununua kiwanja anajua kwamba swali la kwanza ni la mwenyewe: nani alikuwa hapa, aliondokaje, na aliridhia? Swali hilo limeshaamuliwa mahakamani kuhusu eneo lile lile la Kyrenia. Mwaka 2002 wanandoa wa Uingereza, David na Linda Orams, walinunua kiwanja Lapithos, magharibi ya Kyrenia, wakajenga nyumba ya mapumziko. Mwenye ardhi, Meletis Apostolides, ambaye familia yake ilikimbia mwaka 1974, aliwashtaki katika mahakama ya Nicosia, ikawaamuru mwaka 2004 wabomoe nyumba, waikabidhi ardhi na kulipa fidia. Tarehe 28 Aprili 2009 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hukumu ile haiwezi kukataliwa katika nchi nyingine mwanachama kwa sababu tu ardhi iko kaskazini, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaitekeleza. Zaidi ya hapo, tangu 2006 sheria ya jinai ya Jamhuri inafanya kuuza, kununua au hata kutangaza mali ya mtu bila ridhaa yake kuwa kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka saba. Mlikuwa mnatutuma kwenye kesi, na binti yetu angekuwa anapita katika nchi za Ulaya akiwa na jina lake kwenye karatasi hizo.

Tulipoyaeleza haya, ofisa wenu alitujibu kwamba hayo ni mambo ya siasa na hayahusu nyumba. Jibu hilo lilituumiza kuliko upotoshaji wenyewe. Wasaiprasi wa asili ya Kigiriki wapatao 160,000 waliacha nyumba zao kaskazini, na makumi ya maelfu ya wenzao wa asili ya Kituruki waliacha zao kusini; hatuna upande katika mgogoro huo na hatutaki kuwahukumu watu waliopewa makazi baada ya kupoteza ya kwao. Lakini sisi tunatafuta mahali pa kupumzikia, hatukimbii vita, na hatuwezi kulala kwa raha katika kiwanja ambacho mwenyewe bado anakidai. Ofisa alitaja Tume ya Mali Zisizohamishika iliyoko kaskazini, ambayo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliikubali mwaka 2010 kuwa njia ya wenye mali kudai fidia au kurudishiwa. Tukamwomba atuonyeshe kama mwenye kiwanja hiki alipeleka dai lake na kulipwa. Hakutuonyesha chochote.

Kwa hiyo tunataka, ndani ya siku 21 tangu mpokee barua hii, malipo ya awali yarudishwe kamili kwenye akaunti yaliyotokea, bila kukatwa ile mnayoiita gharama ya utunzaji wa nafasi. Kipeperushi kiondolewe hadi kitakapoonyesha mpaka na aina ya hati ya kila nyumba. Na wateja wengine waliokwisha kulipia nyumba za mradi huu waelezwe kwa maandishi haya tuliyoyagundua sisi kwa gharama ya wakili. Hili la mwisho tunalisisitiza, kwani siku tuliyolipa tulikuta wengine wakisubiri zamu ofisini kwenu, wakiwa na kipeperushi hicho hicho mkononi.

Ikiwa hatutapata majibu, tutapeleka malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji. Wakili wetu amepewa nakala ya barua hii, na mawasiliano yote kuanzia sasa yapitie kwake kwa maandishi.

Wenu,
Wanunuzi wa nyumba ya Kyrenia