Ukiulizwa maoni usikae kimya

Mhariri, watu hapa Nebraska wanalalamika kila siku kuhusu sheria za jimbo lakini waulize kama washawahi kwenda kuongea, kimyaa. Bunge letu ni baraza moja tu la maseneta 49 na karibu kila muswada unapangiwa kikao cha kusikiliza wananchi, yaani huhitaji wakili wala kujuana na mtu. Mi nilienda mikono inatetemeka, nikajaza karatasi, nikataja jina herufi moja moja ili waliandike sawa (langu refu, wakacheka kidogo), nikasema yangu mpaka taa nyekundu ya kuonyesha muda umeisha ikawaka. Kazi ikikubana tuma maoni kwa intaneti, ila weka namba ya muswada, ukiandika tu "mnatuonea" watajuaje unasema upi?