YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJI NA MAELEKEZO YA BOKSI LA KUCHAPIA PICHA KWA UTE WA YAI

Wateja wenu wa Nyegezi,
Mwanza.
14 Agosti 2024

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tulinunua kwenu maboksi mawili ya kuchapia picha, kila moja na dawa, maji yake na karatasi 10. Za boksi la kwanza zilitoka zimefifia na kuchujuka, za boksi la pili zimejaa madoa ya kijivu. Tulipopiga simu tukajibiwa kwamba mayai yetu yatakuwa ya zamani. Jibu hilo hatulikubali. Kazi hii haidai yai la leo, na ute uliokaa wiki nzima kwenye friji hutandaa vizuri kuliko ute mbichi.

Mayai 18 yalitoa ml 500 za ute, bila tone la kiini, maana mafuta ya kiini huua povu. Tukatia chumvi gramu 15 na siki ya dukani ya asilimia 5, ml 11. Ukapigwa mpaka povu likasimama, ukalala friji saa 24, ukachujwa kwa kitambaa, ukakaa siku saba. Kila karatasi ililazwa ielee juu ya ute dakika tatu, ikaanikwa ndani ya nyumba. Zilipokauka hazikuwa na mchirizi wala alama ya kiputo. Mpaka hapo hakuna kilichoharibika.

Boksi la kwanza liliharibiwa na kikaratasi chenu cha maelekezo. Mmeandika nitrati ya fedha, ile dawa ya beseni ambayo karatasi yenye ute hulazwa juu yake ili ishike picha juani, gramu 25 iyeyushwe katika maji ml 500. Hiyo ni asilimia 5. Fedha ndiyo inayougandisha ute kwenye karatasi, na ikishuka chini ya asilimia 10 hivi haiwezi. Ute huyeyuka na kurudi kwenye beseni. Karatasi ya tatu ilipoinuliwa, dawa ilikuwa inavutika kama mlenda, povu limezunguka ukingoni, na mng'ao wa karatasi umetoka vipande vipande. Gramu 25 zinataka ml 200 tu, yaani asilimia 12.5. Huenda ni kosa la uchapaji, lakini limekula chupa nzima ya fedha.

Boksi la pili tukaacha kikaratasi, tukatumia ml 200. Ute ukashika, weusi ukaja, ila madoa nayo yakaja. Safari hii ni maji yenu. Lebo inasema yamekenekwa, yaani yalifanywa mvuke yakapozwa. Fanyeni jaribio hili hapo ofisini: mimineni maji hayo ml 5 kwenye glasi safi, dondosheni chembe moja ya nitrati ya fedha, tikiseni. Yetu yaligeuka meupe kama maji ya kuoshea mchele. Maji ya betri ya kituo cha mafuta, kwa chembe ileile, yalibaki angavu. Weupe ule ni kloridi ya fedha, yaani fedha iliyokutana na kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi, na kloridi haipandi na mvuke. Hutoka kwenye maji ya bomba au ya kisima. Haipunguzi sana nguvu ya dawa, hilo tunakiri. Ubaya ni kwamba ile kloridi ya fedha inaelea, inanata kwenye karatasi, na ikipigwa jua inageuka kijivu palepale iliponata.

Msije mkatujibu kwamba maji kuwa kama maziwa ni kawaida. Ni kawaida picha ikishatoka juani na kuoshwa mara ya kwanza, kwa kuwa fedha iliyobaki inakutana na maji ya bomba. Kwenye chupa ya dawa ambayo haijagusa karatasi, hapana. Wala si chembe za chuma za kwenye karatasi. Doa la chuma huwa jeusi na lina kitone katikati.

Dawa yenu ya kukazia picha, ile inayoondoa fedha ambayo haikupigwa jua, haina tatizo. Tuliitia kwenye ile glasi yenye weupe, ikasafisha yote.

Tunaomba chupa mbili za nitrati ya fedha, gramu 25 kila moja, karatasi 20, na pesa za maji tuliyolipia kama yaliyokenekwa. Kikaratasi kirekebishwe kabla ya boksi lingine kuuzwa. Wanaoanza watalaumu mayai, kama mlivyofanya nyie. Tunasubiri jibu ndani ya siku 14.

Dawa iliyoharibika hatukuimwaga, kwa kuwa mtaro wa hapa unaishia ziwani. Kila beseni limetiwa chumvi ya mezani gramu 10, fedha ikazama chini. Tope lake tumelihifadhi kwenye chupa nyeusi, mnaweza kuja kulichukua.

Wenu,
Wateja wanne, Nyegezi