Poti ya kifuani na sisi wa Rungwe

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile taarifa yenu ya poti za wagonjwa wa saratani, vile vidude vyenye mpira vinavyopandikizwa chini ya ngozi ya kifua ili dawa ipitie humo hadi mshipani, imenishinda. Mwandishi wenu kaisifia kama muuza magodoro: haionekani, haisumbui, mishipa ya mikono inapumzika. Sawa, inapumzika. Mbona hakugusa yanayomkuta mgonjwa akisharudi nyumbani?

Dada yangu alirudi Tukuyu na poti yake chini ya mtulinga, mrija umeingia mshipa mkubwa hadi karibu na moyo. Aliagizwa isafishwe kwa maji ya chumvi kila wiki nne, hata isipotumika. Tukaenda hospitali moja ya huku. Nesi akakibonyeza kile kinundu, akauliza, “Mama, hili jipu lina muda gani?” Nikampa karatasi ya maelekezo, akaikalisha chini ya trei bila kuisoma, akafungua sindano ya kawaida na bomba la mililita mbili. Nikamzuia. Poti inachomwa kwa sindano ya Huber, isiyomega ule mpira wake, na bomba lisipungue mililita 10, maana dogo linasukuma kwa presha kubwa, mrija unaweza kupasuka na kipande kikaelekea moyoni. “Mzee, kwani wewe ni daktari?” Sindano ya Huber hawana, maduka ya dawa hayana, ikabidi tuiagize Dar, ije na basi. Ilipokuja wakasafisha, na jioni ile ile dada akatetemeka hadi kitanda kikalia. Hapo damu huchukuliwa ya kwenye poti na ya mkononi, zote zikaoteshwe maabara kutafuta vijidudu. Wao wakapima malaria, hakuna, wakampa dawa ya malaria! Mkono wa upande wa poti ulipovimba, eti kaulalia vibaya. Ilikuwa damu imeganda.

Rufaa ya Mbeya mjini nayo tuliipata kwa kugombana, kisha tukakwama Uyole nyuma ya malori ya Zambia, mgonjwa anaungua homa. Habari za barabara hiyo mnaziandika lini?

Napendekeza anayewekwa poti akabidhiwe na begi: sindano za Huber za mwaka mzima, mabomba ya mililita 10, na nesi mmoja wa kupanda naye basi. Nesi akikosekana, tuleteeni huyo mwandishi wenu.

Msomaji wenu,
Tukuyu, Rungwe